Fremu Tatu au Tuta la Dalia?

Mwezi huu naomba tuwaache kidogo wale wanaopokelea simu chooni. Barua zenu nimezisoma na zamu yao itafika. Leo nataka tuongee maua. Najua kuna mwanaume hapo ameshaanza kufunua kurasa za mbele kutafuta magari. Rudi kaka, hii inakuhusu wewe kuliko hata shemeji.

Ua lenyewe ni dalia. Ndugu zangu wa Pwani msinielewe vibaya, sisemi ile dalia ya manjano ya kujipaka na kunukia. Nasema lile ua lenye petali zilizopangwa safu kwa safu kana kwamba kuna mtu alikaa chini akazihesabu. Lipo dogo kama kifungo cha koti na lipo kubwa kama sahani ya wali. Rangi linazo karibu zote isipokuwa bluu. Ukishuka daladala Tengeru ukaingia vichochoro vya ndani, utaliona mbele ya nyumba za watu wazima, limeegemea ukuta, hakuna anayelitunza na bado linachanua. Kasoro yake ni moja tu, halinukii. Kama unataka ua la kunusa, nenda kwenye asumini, hapa huna chako.

Sasa mimi nina tuta la dalia nyumbani, mita 10 kwa 4, mbele ya nyumba, upande unaotazama barabara ya mtaa. Hapo ndipo kesi ilipoanzia.

Mke wangu anafanya kazi Dodoma. Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, ofisi yake ilihama, naye akahama nayo. Mimi nikabaki Tengeru na kazi yangu ya kuhariri, mtoto wetu ambaye sasa yuko darasa la pili, na mama yangu mzazi. Tunaonana mara mbili kwa mwezi, Mungu akipenda na bajeti ikiruhusu. Najua wasomaji wangu wengi mnaishi hivi hivi, mmoja Mwanza mwingine Dar, mmoja mgodini Geita mwingine Moshi, ndoa iko kwenye simu. Basi mnajua kwamba ugomvi wa simu una tabia yake. Huwezi kumsogezea mtu chai katikati ya maneno. Huoni uso. Vocha ikikata, mwenzio anaamini umemkatia.

Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru ilipokamilika, kila mwenye kiwanja kinachogusa njia ya magari alianza kuona fremu. Fremu za saluni, fremu za simu, fremu za chipsi. Usiku mmoja, saa nne na nusu, mke wangu akaniambia kitu ambacho nadhani alikuwa amekitafuna wiki nzima: "Hivi wewe, watu wanajenga fremu, wewe unapanda maua?"

Swali zuri, na hesabu alikuwa nayo kichwani. Pale pale kwenye tuta zingekaa fremu tatu, kodi inalipwa miezi sita mbele, ada ya mtoto haitafutwi tena kwa kukopa kazini. Nikamwambia maua nayo yanaingiza hela. Akacheka, ile ya kucheka ambayo siyo ya furaha. Mama naye, ambaye alikuwa anasikiliza kutoka jikoni bila kujificha, akachangia lake: "Yanaliwa hayo?"

Nianze na la mama, maana jibu lake ni rahisi. Ndiyo mama, yanaliwa. Dalia asili yake ni nyanda za juu za Mexico na nchi jirani zake, na watu wa kale wa huko walikuwa wanakula viazi vyake. Mbegu zilifika bustani ya kifalme ya Madrid, Hispania, mwaka 1789, na mwaka 1791 padri mtaalamu wa mimea, Antonio José Cavanilles, akaupa mmea jina la Anders Dahl, Mswidi aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Mexico wenyewe walilitangaza ua la taifa mwaka 1963. Nilimweleza mama yote haya. Akachimba kiazi kimoja, akakichemsha, akaonja kwa ncha ya ulimi na kusema bora magimbi. Kama nawe unataka kujaribu, hakikisha mmea haujawahi kupigwa dawa.

Hiyo asili ya Mexico siyo hadithi ya kupamba ukurasa. Ndiyo sababu dalia inaipenda Tengeru. Ni mmea wa kitropiki lakini wa mlimani, unaotaka jua la kutosha mchana na ubaridi usiku, udongo wa volkano usiotuamisha maji, na hautaki kabisa kuganda. Huko Ulaya watu huvichimba viazi kila mwaka kabla ya baridi, wanavilaza ndani kama wagonjwa, wanavirudisha shambani barafu ikiisha. Sisi chini ya Meru hatuna kazi hiyo. Kinachotuua sisi ni masika. Kiazi kikikaa kwenye tope kuanzia Machi hadi Mei, kinaoza, na utakuta uji mweusi mahali ulipoacha mali yako.

Haya, tupande. Wengi wanakosea wakati wa kununua. Unaonyeshwa kiazi kinono, unafurahi, unalipa. Kumbe unono haupandwi. Dalia siyo kama kiazi mviringo chenye macho mwili mzima. Jicho lake liko sehemu moja tu, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Kiazi kilichovunjika shingo au kisicho na kipande cha shina hakitaota hata ukikiimbia kwaya. Chukua chembamba chenye jicho, achana na kinene kisicho nalo.

Chimba shimo lenye kina cha sentimita 30, lainisha udongo, changanya mboji. Samadi iwe kidogo na iwe imeoza vizuri, la sivyo utapata msitu wa majani na ua moja la aibu. Laza kiazi ubavu, jicho likiangalia juu, kifukie kwa sentimita 10 hadi 15. Kati ya mmea na mmea acha sentimita 60. Na kijiti cha kuegemezea kiweke siku hiyo hiyo. Ukisubiri mmea urefuke ndiyo uje kupigilia, utatoboa kiazi kule chini bila kujua.

Halafu usimwagilie! Najua inauma, ukishapanda mkono unataka kushika ndoo. Kama udongo una unyevu kidogo, subiri mpaka uone chipukizi. Kiazi hakina mizizi bado, maji utakayompa atayaogelea tu mpaka aoze. Sisi wa Tengeru wenye zamu ya mfereji tunapata kishawishi zaidi, maana zamu ikifika unaona ni hasara kuyaacha maji yapite. Yaelekeze kwenye migomba.

Kutoka kupanda mpaka ua la kwanza ni wiki 8 hadi 12 kutegemea aina. Kwa hiyo mwenye macho kwenye harusi za Desemba anapanda mwanzoni mwa Septemba, anamwagilia kwa kiasi Oktoba, vuli inampokea Novemba. Ukipanda Juni utapata maua pia, ila lile wingu la Juni na Julai linalokaa juu ya Meru asubuhi mpaka mchana linaudumaza mmea. Kuna na jambo la urefu wa mchana. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima haifiki hata nusu saa. Lakini dalia anaihesabu. Mchana ukishuka chini ya saa 12 anaanza kupeleka nguvu kwenye viazi, na maua yanakuja na petali chache, kitovu kimekaa wazi. Desemba hadi Februari ndipo anapokuwa mkarimu zaidi.

Kuna kitendo kimoja ambacho nimeona kinawashinda watu wapole. Mmea ukiwa na jozi nne za majani, kama sentimita 30 hivi, unamkata kichwa. Ndiyo, ile ncha nzuri inayokua kwa kasi, unaiondoa. Usipofanya hivyo utapata shina moja refu kama mlingoti. Ukifanya, anatoa matawi pembeni, na kila tawi ni maua. Baadaye tumba zikija, kwenye ncha ya kila tawi utaona tatu pamoja, moja katikati na mbili pembeni. Toa zile mbili. Inayobaki inapata shina refu la kukatwa na ua la maana. Jirani yangu mmoja, mwanamke mkarimu sana, hawezi, anasema anazionea huruma. Maua yake ni mengi, madogo, na mashina mafupi kama ya kuwekea kwenye kikombe cha chai. Si vibaya kama unataka bustani ya kutazama. Mpambaji wa ukumbi hatayanunua.

Maadui wake: konokono akiwa mchanga, vidukari na thripsi akiwa kijana, na kipindi cha ukavu utitiri mwekundu anayejificha chini ya jani. Kwa utitiri, nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, hapendi unyevu. Kubwa kuliko yote ni virusi. Ukiona mmea umedumaa, majani yana mabaka ya kijani kilichofifia, ung'oe, uuchome, na kiazi chake usimpe rafiki. Kisu ulichokatia kioshe kwa jiki kabla hujagusa mwingine.

Sasa turudi kwenye kesi yetu, maana nadhani ndiyo mnayoisubiri.

Huku kwetu maua ni biashara kubwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mabanda ya nailoni ya mawaridi na vipando vya krisanthemamu yalisambaa kuanzia Tengeru, Usa River mpaka Nduruma. Baadhi yameshafunga milango, mengine yapo. Waridi linakatwa likiwa bado limefumba, linawekwa kwenye baridi, linapakiwa kwenye lori, na mengi yamekuwa yakipandia ndege Nairobi kwenda Ulaya. Linafumbuka mezani kwa Mholanzi baada ya siku kadhaa na linakaa wiki na zaidi. Kwa hiyo mke wangu, mtoto wa mkoa jirani na msomi, aliniuliza kitu cha haki kabisa: kama maua yana hela, mbona mashamba makubwa hayalimi dalia?

Kwa sababu dalia hapandi ndege. Ukimkata akiwa tumba, anabaki tumba mpaka anakauka, hafunguki tena. Lazima umkate akiwa amefunguka robo tatu au zaidi, na hapo ameshabakiza siku 4 hadi 6 za kuishi. Hakuna mfanyabiashara wa Amsterdam atakayengoja. Na hiyo ndiyo hela yenyewe! Ua ambalo haliwezi kusafiri halina mshindani kutoka mbali. Mpambaji wa Arusha anayetaka dalia mbichi kwa sendofu ya Jumamosi hawezi kuziagiza kokote, lazima amtafute mtu wa hapa hapa mwenye tuta. Kumbi zetu zimejaa maua ya plastiki yenye vumbi la harusi tano zilizopita, na kamati zinalipa. Mbadala wake ni mimi na ndoo zangu nne.

Nilimweleza hivyo kwenye simu. Kimya. Halafu akasema, "Sawa, lakini mbona hukuniuliza?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatugombanii maua. Tungekuwa na kuku pale, tungegombana kuhusu kuku. Mtu anayekaa mbali na nyumba yake kila akirudi anakuta kitu kimeamuliwa: kochi limehamia upande mwingine, mtoto amenyolewa, mbele ya nyumba kumepandwa. Anajiona mgeni anayekuja kulala. Nimepokea barua nyingi za wanandoa wa mbali, na kwa maoni yangu wivu mnaoutaja sana siyo tatizo la kwanza. La kwanza ni hilo la nani anashika rungu la nyumba mwenzie akiwa hayupo. Kwa upande wangu nilikuwa na jibu langu, kwamba kiwanja ni cha urithi wa baba na tuta lilikuwepo kabla hatujafikiria fremu, na nililitoa. Halikusaidia kitu. Siku tatu tukawa tunaulizana tu "mtoto amekula?" na "amelala?"

Siku ya nne nikaamua kumtumia dalia Dodoma. Kwa basi.

Nilijua hesabu za ua haziruhusu, ila kutoka Arusha kwenda Dodoma kwa njia ya Babati na Kondoa ni safari ya siku moja, siyo ya ndege na majokofu. Kwa atakayetaka kujaribu, hivi ndivyo nilivyofanya. Nilikata jioni jua likiwa limezama, siyo mchana, maana ua lililokatwa juani limeshachoka kabla halijaanza. Nilichagua yale ambayo petali za nyuma, zile zinazogusa shina, bado ni ngumu. Zikiwa laini na kavu kama karatasi ya sigara, huyo ameshazeeka, muache. Nikakata shina refu, juu kidogo ya jozi ya majani, ili tawi litoe mengine. Majani yote ya chini nikatoa. Nikayasimamisha kwenye ndoo ya maji mpaka shingoni, ndani ya stoo yenye giza, usiku kucha. Watu wanaharakisha hapa. Shina la dalia lina uwazi ndani na linahitaji muda wa kunywa. Alfajiri nikafunga mashina kwa kitambaa chenye maji na mfuko wa nailoni, vichwa nikavizungushia magazeti (ya zamani, siyo gazeti letu), nikalaza kwenye boksi lenye matundu.

Mama alikuwa anatazama tu. Nilipoingia ndani kuvaa viatu, akaenda nyuma ya nyumba, akakata jani moja la sale na kulilaza juu ya maua. Sikuliona. Nilifunga boksi, nikawahi stendi, nikalipia mzigo, nikamwomba konda asiliweke karibu na injini wala chini ya mikungu ya ndizi, maana ndizi zinazoiva zinatoa hewa inayozeesha maua haraka. Konda aliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa kidogo, ila alilipakata boksi mpaka Babati, nilisikia baadaye.

Kwa wasiojua, sale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani kwenye vihamba. Kwa Wachagga siyo pambo. Mtu akikukosea akakuletea jani la sale, anakuomba msamaha, na kumkatalia ni jambo zito sana. Mama yangu ni Mchagga aliyeolewa Umeruni. Mke wangu pia ni Mchagga. Unaelewa kilichotokea pale Dodoma jioni ile boksi lilipofunguliwa mbele ya wafanyakazi wenzake.

Simu ikaita. "Nani ameomba msamaha hapa, wewe au mama?"

Nikamwambia mimi sijui habari za sale, amuulize mama. Akaomba apewe mama. Waliongea nusu saa kwa Kichagga, lugha ambayo mimi naisikia nusu nusu, na katika hiyo nusu nilisikia neno fremu mara nyingi kuliko neno msamaha.

Maua yalikaa mezani kwake siku tatu na nusu. Siyo mbaya kwa kilomita zaidi ya 400. Alikuwa anabadilisha maji kila asubuhi na kukata kipande kidogo cha shina, kama nilivyomwandikia. Nyumbani, yasiposafiri, napata siku 5 mpaka 6 kwa utaratibu huo huo, na kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya jiki kwenye maji. Natumia maji ya mvua. Maji ya kuzunguka Meru yana floridi nyingi, mnajua wenyewe kwa kuangalia meno yetu, na kuna maua kama gladiola na jebera ambayo yanaungua kingo kwa floridi. Kwa kuwa mara nyingi nachanganya kwenye chombo kimoja, sitaki kubahatisha.

Kuhusu kupanga, sina mengi. Dalia moja kubwa kwenye glasi ndefu inatosha meza ya watu wawili. Kwa meza ya wageni chukua tatu au tano za ukubwa tofauti, ongeza majani ya feni au tawi la mkaratusi, acha nafasi kati yake. Wapambaji wengi wanabana mpaka ua linakosa pumzi, unaona mpira wa rangi badala ya ua. Chombo kisizidi usawa wa kidevu cha mtu aliyekaa. Nimehudhuria kicheni pati na harusi nyingi ambako maharusi walikuwa wanachungulia wageni kama watu waliojificha porini. Na sale usiliweke kwenye mapambo kama jani la kujazia. Mama amekataza, na safari hii niko upande wake.

Mke wangu alipokuja mwisho wa mwezi alikuja na tepu ya kupimia. Sikumwonyesha maua, nilimwonyesha daftari. Novemba hadi Februari: ndoo ngapi zimetoka, nani kachukua, nani hajalipa (wapo, na mmoja ni ndugu). Tukatoa gharama ya mboji, vijiti, dawa na kijana wa kusaidia. Kilichobaki kilitosha ada ya muhula mmoja. Hakikutosha mihula miwili. Fremu zingeleta zaidi ya hapo, na zingeleta hata Aprili wakati tuta langu ni matope matupu. Hilo lilikuwa wazi kwenye karatasi na sikulibishia. Lakini fremu zingetaka saruji, mabati na mkopo kwanza, na dalia hazijawahi kutudai hata mfuko mmoja wa saruji. Hilo naye hakulibishia.

Tulipima mpaka giza likaingia, mtoto akiwa ameshika ncha ya tepu. Tumekubaliana fremu mbili, siyo tatu, upande wa kulia wa geti. Dalia zinahamia nyuma, karibu na tenki la maji. Kwa uzuri huyu ni mmea anayehamishika, unamchimba amelala na unamwamsha kwingine. Tulisubiri majani yakauke, tukakata mashina yakabaki sentimita 15 hivi, tukachimba kwa uma wa bustani tukianzia mbali na shina. Udongo tukaukung'uta, tukaviacha vikauke kivulini siku mbili, tukavilaza kwenye maranda makavu ndani ya viroba. Kila fungu lina kibao chenye rangi, kwa sababu vikishatoka ardhini vinafanana kama mapacha. Kugawanya tutagawanya wakati wa kupanda, macho yakishavimba ndipo unayaona vizuri. Kila kipande kiwe na jicho lake.

Kule nyuma jua ni la saa sita hivi kwa siku, fremu zitaweka kivuli alasiri. Inatosha. Chini ya hapo dalia inarefuka kama mtu anayechungulia ukutani na maua hayaji.

Fremu ya tatu bado inajadiliwa, na mjadala unafanyika akiwa hapa, hilo tumelipitisha. Kama unatafuta viazi na huna jirani mkarimu, ulizia kwenye bustani za miche kando ya barabara ya Moshi, au njoo Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, uulize wamama wanaouza miche. Angalia shingo na jicho kabla hujalipa.

Juzi mke wangu amepiga akasema ikifika Septemba nipande nyeupe nyingi kuliko mwaka jana, na zile za zambarau iliyokolea, njano nipunguze. Bosi wake anamuoza binti Desemba, ukumbi uko Arusha, na kamati haijapata mpambaji. Nikamuuliza hiyo ni oda au ni ombi la mke kwa mume, maana bei ni tofauti. Bado hajajibu.